Ukungu wa kioo cha gari nusura unitie kilioni

KAMA wewe ni mkazi wa Mombasa au Malindi, huenda usiyaelewe mara moja masaibu ya mtu anayeendesha gari alfajiri huku kwetu Limuru mwezi wa Julai. Sisi tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukungu hushuka usiku, ukalala juu ya mashamba ya majani chai, na mara nyingine hauondoki hadi saa nne asubuhi. Mtu hutoka nyumbani akiwa amevaa koti na kofia ya sufi, na bado anatetemeka.

Kisa ninachotaka kukusimulia leo kinahusu kioo kikubwa cha nyuma cha gari langu, na ile mistari myembamba ya rangi ya kahawia iliyochorwa humo. Bila shaka umewahi kuiona. Pengine, kama mimi, ulidhani ni pambo tu. La hasha! Mistari hiyo ina kazi, na siku ilipokoma kuifanya kazi hiyo nusura nimpoteze mjukuu wangu.

Gari lenyewe tulilinunua mwaka wa 2014, mimi na marehemu mume wangu. Lilikuwa limetumika Japani kabla ya kuletwa hapa nchini, kama yalivyo magari mengi ya watu wa kawaida humu Kenya. Mume wangu alilipenda sana. Alilipeleka mjini likabandikwa karatasi nyeusi kwenye vioo vya nyuma, ile ambayo vijana huiita tinti, akasema sasa tumefanana na wakubwa. Alipofariki mwaka wa 2019, gari lilibaki mikononi mwangu pamoja na mambo mengine mengi ambayo sikuwahi kuyashughulikia.

Macho yangu si yale ya ujana. Ilipofika mwaka wa 2021 niliona kwamba ile karatasi nyeusi inanizuia kuona nyuma wakati wa jioni. Basi Jumamosi moja nilichukua maji ya sabuni na wembe, nikaikwangua yote mpaka kioo kikang'aa. Nilijipongeza kwa kazi nzuri na kwa pesa nilizookoa. Ishike hapo akilini, msomaji, kwa sababu tutairudia kazi hiyo nzuri.

Tangu nistaafu ualimu nina shule ndogo ya chekechea karibu na mjini. Kila siku ya shule hutoka nyumbani saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mjukuu wangu, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa akikaa nami wakati mama yake akifanya kazi Nairobi. Yeye humwachia msichana anayenisaidia kazi za nyumbani, kisha huja naye shuleni baadaye.

Asubuhi moja ya Julai mwaka wa 2023 ukungu ulikuwa mzito kupita kiasi. Niliwasha gari, nikawasha taa, kisha nikabonyeza ile swichi yenye picha ya kioo na mishale mitatu ya mawimbi. Taa ndogo ya manjano kwenye swichi ikawaka. Nikasubiri kidogo. Kioo cha mbele kilianza kusafika kwa sababu kinapulizwa hewa ya moto. Cha nyuma kilibaki cheupe kama maziwa. Nilijiambia kwamba maadamu taa ya swichi inawaka, kitasafika tu. Nikatia gia ya kurudi nyuma.

Sikuwa nimekwenda hata hatua tatu niliposikia kishindo cha mkono ubavuni mwa gari na sauti ikipaza, "Simama! Mama, simama!" Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Alikuwa kijana anayeniletea maziwa kwa baiskeli. Nilishuka. Nyuma ya gari, umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwenye bamba, alikuwa amesimama mjukuu wangu akiwa na soksi bila viatu. Mikononi alikuwa na mfuko wangu wa vitabu niliousahau mezani. Alikuwa amechomoka mlangoni msichana akiwa jikoni, aje kuniletea.

"Nyanya, umesahau," aliniambia.

Sikuweza kumjibu. Nilikaa chini pale pale kwenye kokoto nikamkumbatia, nikalia. Kijana wa maziwa alizima gari langu na kwenda zake kimya kimya. Siku hiyo shule ya chekechea ilifunguliwa na mwalimu msaidizi.

Nilifanya kosa jingine siku hiyo. Sikumwambia binti yangu. Kila nilipoishika simu niliona aibu. Nilijiambia kwamba nitamweleza baada ya gari kutengenezwa.

Basi nikaanza safari ya mafundi. Wa kwanza alifungua kisanduku cha fyuzi, akaona fyuzi ni nzima. Akasema shida ni relei, yaani kile kidude kinachoupitisha umeme mkubwa baada ya swichi kukiamuru. Alibadilisha relei, nikalipa Sh3,500. Nilipofika nyumbani na kuwasha, kioo kilikuwa baridi vile vile. Nilirudi, akaniambia basi tatizo ni swichi. Nikamuuliza kama ana hakika. Akajibu kwamba hakika hupatikana baada ya kujaribu. Nilimshukuru nikaondoka, kwa maana majaribio yake yalikuwa yakifanywa kwa kibeti changu.

Wa pili hata hakufungua kitu. Alikigusa kioo kwa kidole, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Mama, kioo hiki kimekufa. Tununue kingine, Sh18,000 pamoja na kazi." Msomaji, pensheni ya mwalimu unaijua. Nilirudi nyumbani nikiwaza kuliuza gari.

Msaada ulitoka mahali ambapo sikuutarajia. Pale sokoni kuna fundi wa redio na televisheni ambaye nilimfundisha darasa la tano mwaka wa 1988. Nilimpelekea redio yangu iliyokuwa ikikwaruza, na katika mazungumzo nikamlalamikia juu ya gari. Alicheka akasema, "Mwalimu, kioo hicho ni saketi tu kama saketi ya redio. Kilete Jumapili alasiri nikiwa nimefunga duka, tukitazame."

Nilikumbuka kwamba mtoto huyo huyo nilimpa adhabu alipofungua redio ya shule kuona ndani kuna nini. Nilipomtajia jambo hilo alisema analikumbuka vizuri kuliko mimi.

Jumapili hiyo nilijifunza mengi, na ningependa nawe uyajue, kwa sababu yatakuokoa pesa na pengine jambo kubwa kuliko pesa.

Kwanza, kwa nini kioo hufanya ukungu? Pumzi yetu ina unyevu. Hewa hiyo yenye joto na unyevu inapokutana na kioo kilicho baridi, unyevu hugeuka kuwa matone madogo sana, kama vile sufuria ya maji baridi inavyotoka jasho. Kioo cha mbele husaidiwa na hewa ya moto kutoka dashibodi. Cha nyuma kiko mbali na hewa hiyo. Ndiyo maana watengenezaji hukichora mistari ya madini yenye fedha ndani yake, ikachomwa juu ya kioo upande wa ndani. Umeme ukipita humo mistari hupata joto, na matone hukauka.

Mistari hiyo huanzia kwenye ukanda mmoja mpana pembeni mwa kioo na kuishia kwenye ukanda wa upande wa pili. Ukanda mmoja hupokea umeme wa betri, na mwingine huurudisha kwenye bodi ya gari. Kila mstari hujitegemea. Mmoja ukikatika, mingine huendelea kufanya kazi. "Kwa hiyo, mwalimu," fundi aliniambia, "ukiona mstari mmoja au miwili imekufa, ugonjwa uko kwenye mistari yenyewe. Ukiona yote imekufa kwa pamoja, usikilaumu kioo kwanza. Tafuta njia umeme unakopitia."

Nikamuuliza kuhusu ile taa ya manjano iliyonidanganya. Akanieleza kwamba katika gari kama langu taa hiyo huonyesha tu kuwa swichi imebonyezwa. Haijui kama umeme umefika kwenye kioo. Niliposikia hivyo mwili ulinisisimka, kwa sababu taa hiyo ndiyo niliyoiamini siku ile.

Alitoa mita yake ya kupimia umeme. Aliniambia niwashe injini, nibonyeze swichi, halafu nisizime. Waya mweusi wa mita aliufunga kwenye chuma cha bodi. Mwekundu akaugusisha pale waya wa gari unapoungana na ukanda wa kioo. Mita ikasoma sufuri. Kisha akabandua plastiki ya ndani karibu na paa, akaupima waya ule ule kabla haujaingia kwenye mlango wa nyuma. Mita ikasoma volti 13 na kitu.

"Umeme umefika hapa, na pale haujafika," alisema. "Umepotelea wapi?"

Hata mimi niliyefundisha Kiswahili na Jiografia niliweza kulijibu swali hilo. Kati ya sehemu hizo mbili kuna bomba la mpira lenye mikunjo, lile linalobeba nyaya kutoka kwenye bodi hadi kwenye mlango wa nyuma. Kila unapofungua na kufunga mlango huo, nyaya hukunjwa na kukunjuliwa. Alilivuta bomba hilo kutoka mahali pake. Kwa nje waya ulionekana mzima, lakini alipouvuta taratibu ngozi yake ya plastiki ilirefuka kama mpira. Shaba ya ndani ilikuwa imekatika kabisa.

Nilifikiria relei mpya ya Sh3,500 na kioo cha Sh18,000, na ugonjwa wote ulikuwa waya wenye urefu wa kidole!

Fundi aliukata ule mkato mbovu, akaongeza kipande cha waya laini wenye unene ule ule, akauunga kwa risasi na kuufunika kwa mpira mwembamba. Alinionya kwamba mtu asiunge hapo kwa waya mwembamba wa redio wala kwa kusokota tu na kufunga selotepu. Mistari hiyo hunywa umeme mwingi, mara nyingi kati ya amperi 10 na 20, na kiungo hafifu hupata moto. Kwa sababu hiyo hiyo magari mengi huzima kifaa hiki yenyewe baada ya dakika kumi au kumi na tano.

Tulikiwasha tena. Akaniambia nipulizie kioo pumzi kutoka ndani, kama mtu anayesafisha miwani. Nikapuliza kila mahali. Mistari ikaanza kujitokeza, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukifungua njia safi katikati ya ukungu. Nilitaka kupiga makofi. Lakini tulipohesabu, kati ya mistari 12 ni 7 tu iliyokuwa imepata uhai. Mitano ya katikati, pale hasa macho yanapotazama kutoka kwenye kioo kidogo cha ndani, ilibaki imekufa.

Fundi alisogeza uso karibu na kioo, akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, kuna mtu aliyekwangua kitu hapa?"

Msomaji, sikuwa na pa kuficha uso. Wembe wangu wa mwaka wa 2021 ulikuwa umeacha mikwaruzo kutoka juu kwenda chini, ukikata mstari mmoja baada ya mwingine. Miaka miwili nzima nilikuwa nimewalaumu Wajapani, barabara zetu na mafundi, kumbe mkono uliokata ni huu unaoandika. Wahenga hawakukosea waliposema nyani haoni kundule.

Kutafuta mahali hasa palipokatika nako kuna mbinu yake. Fundi alikizungushia kichwa cha waya wa mita kipande cha karatasi ya alumini, ile ya kufungia vyakula, ili ncha isikwaruze mstari. Akaanza kupima kwenye mstari mzima. Karibu na upande unakoingia umeme, mita ilisoma karibu volti 13. Katikati ilisoma kama 6 na nusu. Alipofika upande wa pili ilikuwa karibu sufuri. Hivyo ndivyo mstari mzima unavyosoma, kwa kushuka kidogo kidogo. Kwenye mstari uliokatika mambo ni tofauti. Mita ilisoma 13, ikasoma 13, ikasoma 13, halafu ghafla ikaanguka hadi sufuri. Pale inapoanguka ndipo penye jeraha. Kila alipopata jeraha, alinipa kalamu ya wino nipatie alama kwa upande wa nje wa kioo.

Tulipata mikato 7 kwenye mistari mitano. Juma lililofuata nilikwenda Nairobi, barabara ya Kirinyaga kwenye maduka ya vipuri, nikanunua kichupa kidogo cha rangi ya fedha inayopitisha umeme. Niliuziwa Sh1,800. Kazi ya kupaka fundi aliniachia mimi mwenyewe. Alisema aliyekata ndiye atakayeshona.

Hivi ndivyo nilivyofanya. Nilihakikisha swichi imezimwa. Nilisafisha kila jeraha kwa pamba yenye spiriti nikaacha pakauke. Nikabandika selotepu juu na chini ya mstari, nikiacha nafasi yenye upana wa mstari wenyewe tu. Nikatikisa kichupa vizuri, nikapaka kwa brashi ndogo kuziba pengo, huku rangi ikipanda kidogo juu ya sehemu nzima za pande zote mbili. Nilipaka mara tatu, kila safari nikisubiri ya kwanza ikauke. Kisha nikabandua selotepu taratibu, na sikuiwasha mpaka siku ya pili, baada ya saa 24 kupita. Dawa hii hufaa mikato midogo, ya sentimita mbili au tatu hivi. Kama mstari umekwanguliwa wote, hapo tena hakuna hila, ni kubadilisha kioo.

Jioni ya siku hiyo ya pili niliwasha gari, nikapuliza pumzi, nikahesabu. Mistari 12. Nilihesabu tena, ikawa 12. Rangi yangu imevimba hapa na pale na mtu mwenye macho makali atacheka, lakini kioo kinasafika.

Usiku huo nilimpigia simu binti yangu nikamweleza kila kitu, tangu mfuko wa vitabu hadi wembe. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Nilitarajia anikemee, au aniambie anakuja kumchukua mtoto wake. Hatimaye alisema, "Mama, kioo umekitengeneza, ahsante. Lakini hata kikiwa safi, mtoto mfupi hukioni kichwa chake kupitia hapo. Naomba kila siku ushuke uzunguke gari kwanza." Nikagundua kwamba alikuwa akilia.

Na ni kweli, msomaji. Mjukuu wangu wakati ule alikuwa chini ya ukingo wa kioo. Kioo safi kingeniwezesha kumwona akitoka mlangoni, lakini kisingeniwezesha kumwona akishafika nyuma ya bamba. Hilo hakuna fundi aliyeniambia. Mama yake ndiye aliyeliona.

Basi nakuachia mawaidha machache. Ukitaka kubandua tinti kwenye kioo cha nyuma, tumia joto la jua na maji moto ya sabuni, uibandue kwa subira. Wembe uweke mbali. Ukisafisha kioo kwa ndani, pangusa kwa kitambaa laini kufuata mistari, usiikate. Usipange masanduku na majembe yakaegemea kioo hicho. Fundi akikuambia ununue kifaa kipya, muulize amepima wapi na mita imesoma nini. Na kama kioo chako hakijatengenezwa, fungua madirisha kidogo, pangusa kwa kitambaa, ungoje kione ndipo uondoke. Afadhali watoto wa chekechea wakungoje dakika kumi.

Mwaka huo mjukuu wangu alianza kazi mpya nyumbani. Kila asubuhi kabla sijatia gia ya nyuma, nilishuka nikazunguka gari, naye alisimama mlangoni akiwa ameshikwa mkono na msichana, akinipungia. Sikuwasha gari mpaka nimwone. Sasa ameanza shule ya msingi na anakaa na mama yake Nairobi, lakini mimi bado huzunguka gari kila asubuhi, hata siku ambazo hakuna mtu yeyote nyumbani ila mimi na kuku.

Nawe kesho asubuhi, kabla ya kurudi nyuma, shuka uzunguke. Ni hatua chache tu.